Klabu Niliyoiacha Nje ya Orodha

Septemba 14

Leo tumefunga orodha. Mkataba wangu una kipengele kimoja nilichokipigania sana: kila mwaka kabla ya msimu naandika klabu nane ambazo klabu yangu, Korongo, hawawezi kunihamishia bila ridhaa yangu. Zilizobaki, wakiamka vibaya wananipeleka kokote, hata kama kahawa yangu bado iko mezani.

Murray, wakala wangu, alitaka niandike klabu nane ninazozichukia. Nikamwambia hiyo ni akili ya kitoto. Ligi ina kikomo cha mishahara. Ukijumlisha kikosi kizima hupiti pale, hata mwenye klabu awe na hela za kuchoma. Kwa hiyo unaandika klabu zenye nafasi ya kukuchukua. Zilizojaa pomoni, ya nini kuzipotezea nafasi kwenye orodha? Jacksonville, kwa mfano, wana nyota watatu wanaomaliza chungu chote, hawana nafasi hata ya kipa wa akiba. Tuliwahi kwenda huko likizo, mimi na mke wangu Corinne, nikaungua na jua hadi nyayo. Ndiko nisikotaka kwenda kuliko kote duniani, na ndiyo klabu niliyoiacha nje ya orodha. Murray aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamcheka.

Ninachotaka ni kimoja tu. Nina umri wa miaka thelathini na mitano, beki wa hoki ya barafuni, miaka kumi na minne na Korongo wa Saskatoon, sijawahi kuvaa jezi nyingine tangu niingie ligi kuu. Mkataba umebakiza msimu huu na ujao. Nataka niimalize hiyo misimu nikilala kwangu, halafu nitundike viatu kwenye barafu ninayoijua. Basi, sidai zaidi.

Septemba 30

Prokop, meneja mkuu wetu, kapiga simu kaniomba nimpe malazi kijana mmoja. Anaitwa Mathis Gauvreau, miaka ishirini na mmoja, ametoka Rimouski kule Quebec, beki kama mimi. Amekaa timu ya pili miaka miwili na sasa kapandishwa. Kwetu kijana hapangi nyumba mpaka klabu imwambie, "Haya, tafuta pa kukaa." Kabla ya hapo anaishi na begi lake hotelini, au kwenye nyumba ya mkongwe, maana saa yoyote anaweza kurudishwa.

Mimi mwenyewe nilikaa kwa Gord Lasko, chumba cha chini, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Nilikuwa nikilala nasikia lile tanuri linakohoa. Mke wake alikuwa akinipikia pierogi, vile vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, Jumapili, na Gord ananifundisha kazi mezani kwa vijiko na vikombe: hiki ni wewe, hiki ni adui, hiki ni kisahani, ule mpira wetu bapa wa hoki, utakwenda wapi? Sijala pierogi tamu kama zile tena.

Nikamwambia Prokop amlete.

Oktoba 3

Huyu mtoto anakula. Yesu na Maria, anakula.

Oktoba 12

Tumefungwa. Goti linauma. Maji ya mtoni yameanza kubadilika rangi.

Oktoba 21

Vichekesho vya kikomo. Mishahara inahesabiwa siku kwa siku, basi siku isiyo na mechi Prokop anamshusha Mathis timu ya pili ili mshahara wake usiingie kwenye hesabu, na siku ya mechi anampandisha tena. Yote kwenye karatasi tu. Timu ya pili iko Brandon, mwendo wa nusu siku kwa gari, na kijana hajavuka hata mlango wa jiko langu.

Binti yangu Tessa, ana miaka tisa na ulimi wa miaka arobaini, kila asubuhi anamkabili akishuka ngazi kwenda shule.

"Leo uko Brandon au uko hapa?"

"Niko Brandon," Mathis anamjibu kwa lafudhi yake ya Kifaransa. "Nisogezee maziwa."

Zamani tulikuwa tukishushwa kweli. Unapewa begi na tikiti ya basi, unalia njia nzima ukiwa umegeukia dirishani. Sasa wanashushwa huku wanakula uji. Sijui kipi kibaya zaidi.

Novemba 9

Tumemwaga maji uani kutengeneza uwanja wa barafu. Nimefanya hivi kila mwaka tangu Tessa atembee: unasubiri baridi ishike sawasawa, unamwaga tabaka jembamba, unaliacha ligande, unamwaga jingine. Marehemu baba alikuwa akifanya hivyo kwenye shamba letu karibu na Wakaw. Alikuwa amesimama na ule mpira wa maji kama anamwagilia bustani, ndevu zimeganda, hasemi neno, na sisi ndugu watatu tumesimama dirishani tumevaa viatu vya barafu tayari, tunaharibu sakafu ya mama. Nikifunga macho naisikia hadi leo ile sauti ya maji yanavyogusa barafu.

Mathis alinyakua mpira kutoka mkononi mwangu, akaniambia nikae ndani nisije nikaugua, mzee. Alimwaga vizuri. Nilimtafuta kosa, sikulipata, na jambo hilo lilinikera jioni nzima.

Novemba 24

Tumeshinda mbili mfululizo. Kocha ananichezesha upande mmoja na mtoto.

Desemba 8

Mathis ana kasoro moja: akibanwa kwenye kona anageukia kulia kila mara. Washambuliaji wakorofi wote wa ligi wataijua hiyo kabla ya Krismasi. Leo baada ya mazoezi nimembakiza. Nimembana kwenye ubao wa ukingo wa uwanja, nimemsukuma, nimemgonga, mpaka akageuka kushoto. Tumerudia hadi mtu wa mashine ya kulainisha barafu akaanza kutupigia honi.

Nyumbani tumehamia kwenye vijiko na vikombe. Corinne ametoka kazini, yeye ni daktari wa mifugo, kliniki yake iko Warman, ananuka ng'ombe. Akasimama mlangoni na makoti yake yote akitutazama. Tulipobaki wawili akasema, "Unajua unamfundisha kazi yako?"

Nikamwambia ndiyo kawaida, hata mimi nilifundishwa.

"Na aliyekufundisha yuko wapi?"

Nikaosha vikombe.

Desemba 26

Mathis hakwenda kwao, mechi zimebanana. Mama yake ametuma mkate wa nyama kwa posta, umefika umevunjika, tumeula kwa vijiko. Tessa amemfundisha kucheza karata na kumwibia. Usiku mtulivu, theluji inaanguka polepole. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Januari 15

Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Gari limegoma. Mathis kafunga mabao mawili, gazeti zima ni yeye.

Januari 19

Prokop amenialika kahawa. Hajawahi kunialika kahawa pasipo na habari.

Mkataba wa Mathis wa chipukizi unaisha kiangazi. Akiendelea hivi watalazimika kumlipa mara sita ya anachopata sasa, la sivyo wengine watamlipa. Tessa aliniuliza wakati wa chakula hiyo ina maana gani kwetu, nikachukua sufuria ya viazi nikamwonyesha. Viazi ni hivi hivi, haviongezeki. Ukimpakulia Mathis sita badala ya kimoja, kuna sahani itabaki tupu. Akaitazama sahani yangu. Mtoto hana adabu huyu, na ana akili.

Nilimwambia Prokop nipunguzieni mshahara, nitachukua nusu, niacheni tu hapa. Nilisema bila hata kuona haya. Akatikisa kichwa, akaniambia kanuni hazimruhusu. Mkataba ukishasainiwa haushuki wala haupandi, kwa sababu zamani wajanja waliutumia huo mlango kukwepa kikomo. Nikamuuliza basi nitapona vipi. Akasema tuombe kikomo kipandishwe kiangazi. Alikuwa akizungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari.

Nimewafikiria wote niliocheza nao. Kila masika anaondoka mmoja, na si kwa sababu ameshindwa kazi. Tulikuwa na kikosi kile cha miaka minane iliyopita, tulifika fainali, tulikuwa tukiimba ndani ya ndege hadi rubani anatuomba tunyamaze. Tungepewa miaka mitatu pamoja tungechukua kombe. Tulipewa mmoja. Kila mtu alikuwa amecheza vizuri, kila mtu akastahili zaidi, basi tukatawanywa. Hapo ndipo ninapopatia uchungu: timu inavunjwa na uzuri wake.

Na mimi nilikuwa namwongezea mtoto bei kwa mikono yangu kila jioni, kwa vijiko.

Januari 20

Nimembakiza tena baada ya mazoezi. Ningefanyaje, bado anaachia nafasi nyuma yake.

Februari 2

Hakuna jipya. Supu ya bitiruti.

Februari 11

Asubuhi nilikuwa nakaanga chapati za maji za Tessa, redio iko juu. Wakasema yule mshambuliaji mkubwa wa Jacksonville jana ameumia goti, limekatika kabisa, msimu umekwisha kwake.

Nilisimama pale mpaka chapati ikaungua. Mchezaji akiumia kwa muda mrefu, klabu yake inaruhusiwa kuvuka kikomo kwa kiasi cha mshahara wake. Mshahara wa yule ni mkubwa kuliko wangu mara mbili. Jacksonville waliojaa pomoni sasa wana pengo la kuingia basi zima. Na tangu mwezi uliopita wanatafuta beki mkongwe.

Nikampigia Murray, nikamuuliza kama tunaweza kubadilisha jina moja tu. Alisema orodha haifunguliwi hadi kiangazi, na hakuniambia "nilikwambia", ambalo lingekuwa jambo la heri kulisikia, ningepata mtu wa kugombana naye. Nilikuwa na nafasi nane. Nane nzima. Nikajifanya mjanja wa mjini.

Corinne nimemwambia. Alikwangua kikaango.

Februari 20

Siongei sana na Mathis. Anapika, ananitengea, nakula, nashukuru, napanda juu. Kosa lake silijui. Nikimwona ameketi na Tessa kwenye kochi langu wakicheka, napita bila kuwatazama, na nikishapita najiona mjinga.

Machi 1

Tumeshinda. Nimecheza vizuri sana, na ndiyo kwanza nikaogopa: Jacksonville nao wanatazama.

Machi 4

Andika, Lorne, hutalala vyovyote.

Siku ya mwisho ya kuhamisha wachezaji ni Ijumaa. Leo Jumatano tulikuwa mazoezini. Nikaona wenzangu mmoja mmoja wanaacha kuteleza, wanatazama mlango wa benchi. Prokop alikuwa anaingia kwenye barafu na viatu vyake vya ofisini, vile vya ngozi. Kwa kawaida anamtuma msaidizi akuite. Huyu alikuja mwenyewe, hatua ndogondogo, mikono ameitanua. Alipokaribia akateleza. Nikamdaka mkono.

Akaniambia habari nikiwa nimemshika hivyo hivyo, maana ningemwachia angeanguka. Ni Jacksonville. Wanatoa chaguo la raundi ya pili, yaani zamu yao ya kuchagua kijana mpya, wanabeba mshahara wangu wote, msimu huu na ujao.

"Nilijaribu kila njia, Lorne," alisema. "Naapa."

"Najua."

"Wewe ndiye niliyependa umalizie hapa kuliko wote."

"Basi usiniambie hivyo, bwana. Twende nikutoe kwenye barafu."

Nikamsindikiza hadi benchi, nimemshika kiwiko. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Angeanguka ningefurahi baadaye, nadhani, lakini mkono ulikataa. Nyuma yangu wachezaji walianza kugonga magongo yao kwenye barafu, taratibu, ndivyo tunavyoagana. Nimewagongea wengi hivyo. Ukiwa unagongewa wewe inasikika kubwa mno.

Nyumbani nilimkuta Mathis kasimama kwenye ukumbi wa mlangoni na begi lake, koti amevaa. Alikuwa ameniwahi. Macho mekundu. Alisema anahamia hotelini, ameshawaambia klabu.

Hapo nililipuka, nikamwambia maneno. Nikamwambia amechukua nafasi yangu, amekula chakula changu, amefundishwa kwenye meza yangu, na sasa anataka na kunikimbia ili nibaki na aibu ya kumfukuza. Alilia tu, wazi kabisa, mtu mrefu kuliko mlango. Tessa alikuwa kwenye ngazi.

Corinne ndiye aliyekata maneno. Yeye hawezi kuacha kliniki katikati ya majira ya ng'ombe kuzaa. Tessa hawezi kuacha shule. Mimi ndege yangu ni kesho saa tatu asubuhi. Akamtazama Mathis, akamwuliza nani ataondoa theluji mlangoni akiwa yeye yuko zizini kwa watu. Kisha akanitazama mimi. Nyumba nzima ilikuwa inanisubiri, na nilijua nikisema aende ataenda, na hakuna atakayenilaumu.

"Vua koti," nikamwambia. "Na usiweke begi pale, watu watajikwaa."

Sikulisema kwa upole. Sikuwa nao.

Machi 5

Ndani ya ndege nimempigia Gord Lasko kabla hatujaruka. Anauza matrekta Yorkton siku hizi. Mimi nilipopata mkataba wangu mkubwa wa kwanza, masika yale yale Gord alihamishwa. Nilimsaidia kubeba kochi. Katika miaka yote hii sijawahi kuyaunganisha hayo mambo mawili, na Gord hajawahi kuniunganishia.

Nikamuuliza kama alinichukia.

"Wiki mbili," alisema. "Ya tatu ulicheza vibaya, nikaanza kukuhurumia."

Tulicheka hadi mhudumu akaniambia nizime simu.

Machi 9

Jacksonville. Watu wema. Wamenipa jezi ina jina langu, herufi ni zile zile lakini sikulitambua. Naenda mazoezini na kaptula. Hotelini kuna mti wa machungwa, machungwa ya kweli, hakuna anayeyachuma.

Machi 15

Nimeungua jua.

Machi 19

Nimepiga simu nyumbani, kaipokea Mathis, mikono ya Corinne ilikuwa na unga. Kisha akaniuliza kuhusu mshambuliaji mmoja atakayekutana naye kesho, mwepesi, mrefu wa mikono. Nikamwambia asikifuate kisahani, amtazame kifuani. Nilisikia vyombo vinagongana. Alikuwa anapanga vikombe mezani huku ananisikiliza.

Tulizungumza muda mrefu. Nilipokata simu nikakumbuka sikuomba kuongea na Tessa.

Machi 27

Ratiba ilikuwepo tangu kiangazi, hakuna aliyeipanga kwa ajili yangu: kesho Jacksonville wanacheza Saskatoon, saa saba mchana. Tumetua leo Ijumaa. Mji bado mweupe, mto umeanza kupasuka katikati. Basi limetupeleka hotelini, nimepewa ufunguo wa chumba katika mji ambao nina nyumba. Kocha mpya, mtu mstaarabu, kaniruhusu nikale kwangu, nirudi kulala na timu.

Corinne alinikumbatia mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Tessa kaota jino. Meza ilikuwa na sahani tatu. Nikauliza ya nne iko wapi, wakatazamana, wakaniambia Mathis ameshasema hana njaa, yuko chini, anatuachia nafasi. Hana njaa, yule. Nikafungua mlango wa ngazi.

"Mathis, panda ule."

"Nimeshiba, mzee."

"Hujawahi kushiba tangu uje hapa. Panda."

Akapanda. Ameongezeka mabega. Klabu imeshamwambia atafute nyumba, na mkataba mpya ameusaini Jumatatu, miaka sita. Alinieleza akiangalia sahani. Nikampa mkono juu ya viazi. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, na niliumia, lakini kulikuwa na fahari pia, ya kweli, na sikuweza kuzitenganisha. Amesema atahama shule zikifungwa. Tessa akasema hapana, bado hajamlipa deni la karata.

Machi 28

Nimecheza uwanja ule miaka kumi na minne na leo ndiyo mara ya kwanza kuingia chumba cha wageni. Ni kidogo, na bomba la kuogea linatoa maji ya baridi tu. Nilikuwa nikisikia wageni wakilalamika, nikidhani wanadeka.

Kabla ya mechi kuanza walionyesha picha zangu kwenye ile skrini kubwa juu, za ujana, nina nywele. Watu walisimama wote. Nililia mbele ya watu elfu kumi na tano na sikujifuta. Wale wa Korongo waligonga magongo, na wa Jacksonville wakagonga pia, ambao wananijua kwa wiki tatu.

Korongo wameshinda, tatu kwa moja. Kipindi cha pili nilimbana Mathis kwenye kona, nikamkaba na uzito wangu wote, akageuka kushoto, akapita. Wakafunga kutokana na hapo. Kocha wangu mpya aliuliza kwenye benchi yule kajifunza wapi, nikanywa maji.

Tumeoga haraka, ndege ilikuwa inasubiri. Jua bado liko juu. Basi limesimama kwenye taa za Idylwyld, njia ya kulia, ya kwenda uwanja wa ndege. Pembeni yetu, njia ya kushoto, likaja pikapu langu na kusimama. Mathis kwenye usukani, Tessa kando yake, amevaa kofia yangu ya manyoya. Corinne alikuwa ametangulia kwa ng'ombe mgonjwa. Tessa alikuwa anaongea, anaonyesha kwa mikono miwili, huyu alikuwa huku, yule kule, na Mathis anaitikia kwa kichwa, taratibu, anamsikiliza vizuri. Vioo vya basi ni vyeusi, hawakuniona. Nikainua mkono, halafu nikauteremsha.

Taa ikawaka kijani. Wao wakakata kushoto kuelekea darajani, sisi tukakata kulia.

Kijana niliyeketi naye, ambaye hajawahi kufika mji huu, aliniuliza kama njiani tutapita karibu na kwangu, angependa kupaona. Nikamwambia hapana, kwangu ni ng'ambo ya mto.